Mwaka Niliomwomba Mungu Mwamba

Tulimzika Mama Nyangeta Jumamosi, kwenye shamba la mwanawe juu kidogo ya ufuko, mahali ambapo ukisimama unaliona ziwa lote mpaka linapoishia kwenye mawingu. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Sisi wanawake wa zamani, wale tuliobaki, tulikaa kwenye jiwe kubwa kando ya kaburi, kama tulivyozoea kukaa juu ya mawe maisha yetu yote. Mchungaji, kijana aliyemjua marehemu katika uzee wake tu, akauliza kama kuna mtu wa kusema neno kwa niaba ya waanika dagaa. Wote wakanigeukia mimi. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kusema mengi, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa sala ya Yabesi, ile fupi iliyofichwa katikati ya majina marefu ya ukoo katika kitabu cha Mambo ya Nyakati. Niliisema yote, nikakaa. Vijana walitazamana, nadhani walidhani bibi amesahau hotuba. Aliyekaa karibu yangu alinibana mkono, akaninong'oneza, "Minza, umemaliza kila kitu."

Sikuwa nimemaliza. Niliporudi nyumbani niliona kwamba wale vijana wana haki ya kuchanganyikiwa. Wanaiona sala hiyo imeandikwa nyuma ya magari na juu ya milango ya maduka, wanaisikia ikipigiwa kelele kwenye vipaza sauti, na wanadhani ni sala ya kuombea gari na duka. Hata sisi tulidhani hivyo. Kwa hiyo nitasimulia mwaka mmoja tu wa maisha yangu, mwaka nilioiomba sala hiyo bila kujua ninaomba nini, nikapewa.

Habari za wazazi nitaziacha. Inatosha kusema kwamba baba alitangulia, mama akafuata baada ya miaka michache, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini, shule nilishaiacha nikiwa darasa la sita. Nyuma yangu walikuwa wawili: mdogo wangu Limi, aliyekuwa bado anasoma, na kitinda mimba wetu Makoye, ambaye alikuwa hajaanza kabisa. Jina la Makoye kwa Kisukuma ni matatizo. Mama alimpa jina hilo kwa sababu alizaliwa wakati matanga ya baba hayajaondolewa, na siku zile mama hakuona jina jingine mbele yake. Watoto wenzake walilifanya wimbo. Akipita, wanaimba, "Makoye yanakuja, fungeni milango!" Naye alikuwa anasimama anawasubiri wamalize, kama mtu anayesubiri mvua ikatike, kisha anaendelea na safari yake.

Siku ya kuondoa tanga la mama, wakubwa walikaa kwenye chumba chetu. Kilikuwa chumba kimoja tu, na ukuta wake wa nyuma haukuwa ukuta, lilikuwa jabali. Aliyeijenga nyumba ile alikuta jabali limekaa pale akaona asipoteze matofali. Wakati wa kiangazi lilitupa ubaridi, wakati wa masika lilitoa jasho, na kwenye mbavu zake palikuwa na vishimo ambamo mama aliweka chumvi, kiberiti na kitana. Nilikuwa nje nikichemsha chai, na pazia la mlango lilikuwa kanga tu, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Huyu mkubwa hana shida, ataolewa," alisema shangazi yangu wa Kahama. "Limi nitamchukua mimi, anisaidie kazi za nyumbani."

"Na shule?" mtu mmoja aliuliza.

"Shule, shule! Huko Kahama hakuna shule?"

Mjomba Bundala, kaka mkubwa wa mama, alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Alikohoa kwanza. "Huyu mdogo nakwenda naye Magu. Ng'ombe wangu hawana mtu."

"Jina lenyewe hilo, kaka! Utaingiza matatizo zizini?" shangazi alidakia.

Wakacheka. Kicheko chao hakikuwa kibaya, ni kile cha watu waliochoka kulia. Lakini nilipoingia na sinia la chai vikombe viligongana, vikawa vinaongea kabla yangu. Nilipiga magoti, nikamwamkia mjomba upya kama vile ndiyo kwanza amefika. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Una nini?"

"Naomba mwaka mmoja."

"Mwaka wa nini?"

"Wa kukaa nao. Ukirudi ukakuta wanalala njaa, au Limi haendi shule, wachukue wote. Sitalia wala sitakuja kuwadai."

Mjomba aliwageukia wenzake. "Mnamsikia huyu? Anapatana na mimi kama tuko gulioni." Akanywa chai, akaivuta kwa sauti, akaweka kikombe kwenye kishimo cha jabali. "Haya. Mwaka. Mvua za vuli zikianza tena, mimi hapa."

Hivyo ndivyo mwaka wangu ulivyoanza.

Kazi yangu ilikuwa ile ya mama, kuanika dagaa. Wavuvi wa upande wetu, ng'ambo ya Igombe, huenda ziwani na taa za karabai usiku wa giza na kurudi alfajiri. Wakati wa mbalamwezi hawaendi, na siku hizo mwanika dagaa hana kazi. Wakirudi unanunua ndoo zako, unazibeba kichwani mpaka kwenye mwamba, unamwaga na kutandaza kwa mikono mpaka jiwe lote linakuwa na rangi ya fedha. Jua likikaza unageuza kwa ufagio. Wanaoanika mchangani hupata dagaa wenye mchanga, na mnunuzi akitafuna anatema. Wanaoanika kwenye mwamba hupata dagaa safi. Kwa hiyo mwamba ulikuwa mali. Ulishuka taratibu kutoka kwenye vichaka hadi majini, na tangu zamani wanawake walikuwa wamegawana, kila mmoja na sehemu yake, na mpaka wa sehemu ni mstari wa mawe madogo, mengine makubwa kama yai, mengine kama ngumi, na la pembeni kubwa kama kichwa. Hakuna aliyevuka mawe ya mwenzake. Hata kama mwenzako anaumwa na sehemu yake iko wazi inaungua na jua, huweki dagaa hata mmoja. Ukitaka kuingia unasimama nje ya mstari na ndoo yako kichwani, husemi kitu. Mwenye sehemu akikubali anainama, anainua jiwe moja kwa mkono wake, ndipo unapita. Asipoinama, unaondoka, na hakuna ugomvi.

Sehemu ya mama ilikuwa ya juu kabisa, karibu na vichaka, mbaya kuliko zote. Ilikuwa ndogo na ilikuwa mbali na maji, shingo ilikuwa inaingia kifuani kwa kupanda na ndoo. Chini yangu alikuwa Mama Nyangeta, Mjita mwembamba mrefu, mjane, mwenye mdomo usiolala. "We Msukuma," alikuwa ananipigia kelele nikipita nimeinama na mzigo, "ungekuwa ng'ombe ningekununua!" Sehemu yake ilikuwa nzuri, pana, karibu na maji. Nilikuwa naitazama kila siku.

Tulikula mara mbili siku zikiwa nzuri. Asubuhi ni michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa, Limi anaibeba mingine shuleni. Jioni ni ugali wa mhogo na dagaa waliovunjika, wale wasionunulika. Siku za mbalamwezi tulikunywa uji, na nilijifunza kuukoroga kwa kelele nyingi ili majirani wasikie mwiko na wasipate habari ya kumpelekea mjomba.

Sala ilikuja Jumatano moja jioni, jua likiwa bado lipo, kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba. Zamu ilikuwa nyumbani kwa Mama Nyangeta. Mwinjilisti wetu, Mwalimu Elikana, mzee mpole aliyesoma kila neno kama analipima uzito, alifungua Biblia akasema leo tutasoma habari za mtu ambaye hatumjui. Akaanza majina, fulani alimzaa fulani, na fulani na fulani, mpaka nikaona watu wanaanza kukuna mbu. Ndipo akasimama kwenye Yabesi. Akasoma kwamba mama yake alimwita jina hilo kwa sababu alimzaa kwa huzuni. Akasoma kwamba aliheshimiwa kuliko ndugu zake. Akasoma maombi yake: kwamba Mungu ambariki kweli kweli, amwongezee mipaka yake, mkono wake uwe pamoja naye, na amlinde na uovu usije ukamhuzunisha. Kisha akasoma mwisho, ambao ni mfupi kuliko sala yenyewe: Mungu akampa alichoomba. Hakuna habari zaidi. Majina yanaendelea.

Makoye alikuwa amekaa kati ya magoti yangu. Nilimsikia akikaza mgongo. Akageuka, akaniuliza kwa sauti ambayo nyumba nzima ilisikia, "Dada, huyo anaitwa Matatizo?"

Watu walicheka. Mwalimu Elikana hakucheka. Alivua miwani. "Ndiyo, mwanangu. Kwa lugha yao, ni kama wewe."

"Na Mungu alimsikia hivyohivyo, na jina lake?"

"Hivyohivyo."

Makoye akageukia mbele tena. Sijawahi kuona mtoto akitazama ukuta wa udongo namna ile.

Tukaambiwa tuombe, kila mtu na mipaka yake. Nyumba ililipuka. Kaka mmoja aliomba lori, akataja na rangi. Mke wa mwenye duka aliomba kiwanja mjini, Nyakato, kwenye lami, siyo bondeni. Mimi nilikuwa na aibu. Yatima anafundishwa mapema kuomba kidogo. Anaomba chumvi, anaomba asifukuzwe, na hata mbele za Mungu anapiga hodi akiwa tayari kuondoka. Nilinyamaza mpaka nikasikia kiwiko cha Mama Nyangeta kwenye mbavu. "Mbona umefunga mdomo? Huyu ni baba yako, siyo mwenye nyumba. Omba kama mtoto wa humu ndani." Basi nikafumba macho, nikaomba kwa ujasiri ambao sikujua ninao. Nilisema, Ee Mungu, nipe mwamba. Niongezee mwamba, nianike dagaa wengi, mjomba akija wasiondoke.

Kesho yake, tukiwa tunageuza dagaa, nilimwambia Mama Nyangeta nilichoomba. Aliegemea ufagio wake akatazama mwamba wote, kutoka majini hadi vichakani.

"Sawa," alisema. "Lakini mwamba ni huu. Hauzai. Ukiongezewa wewe, anapunguzwa nani? Mimi?"

Alicheka kicheko chake kirefu, lakini swali lilibaki kwangu kama mwiba wa sangara kooni. Miaka mingi baadaye nimewauliza wahubiri wenye magari mazuri swali hilohilo, na wengi hawakuwa wamelifikiria. Nadhani swali ndilo lililoanza kujibu sala. Kila asubuhi niliendelea kuomba mwamba, na kila nilipoomba nilimwona Mama Nyangeta amesimama na ufagio wake katikati ya maombi yangu, hatoki.

Makoye naye aliomba, lakini sala yake sikuijua mpaka siku moja mchana nilipopanda nyumbani kuchukua gunia. Nilimsikia nyuma ya pazia. Alikuwa ameweka paji la uso kwenye jabali letu, mahali palipokuwa na ubaridi, anaongea nalo kama mtu anayeongea dirishani. Hakuomba mwamba. Hakuomba hata abaki. Alisema, "Mungu, kama nikienda kwa mjomba, twende wote. Kama nikibaki, tubaki wote. Mkono wako huu hapa." Nilirudi nyuma bila gunia, nikakaa kwenye kizingiti. Nilikuwa nimeisoma sala nzima na kuona mipaka tu. Mtoto asiyejua kusoma aliuona mkono.

Tangu siku hiyo niliona anatembea kwa namna mpya. Mkono wake wa kushoto aliuweka mbali kidogo na mwili, vidole vimekunjuka nusu. Nilidhani ameumia. Nikamwuliza, "Umebeba nini hapo?"

"Sijabeba," alisema. "Nimeshikwa."

Watoto walimwimbia wimbo wao na yeye akapita katikati yao na mkono wake hivyo. Sijui waliona nini, lakini wimbo uliishia njiani.

Masika ya mwaka ule hayakuwa ya kawaida. Mvua zilinyesha huko juu, zikanyesha kwetu, zikanyesha nchi za jirani ambako mito inatoka, na ziwa likaanza kupanda. Halikupanda kwa kishindo. Asubuhi unakuta maji yamefika kwenye jiwe ambalo jana lilikuwa kavu, na kesho jiwe lenyewe hulioni. Wanawake wa chini kabisa walikuwa wa kwanza kupoteza sehemu zao. Walisogea mchangani, mchanga nao ukaliwa. Sehemu ya Mama Nyangeta ilibaki nusu, halafu upana wa mkeka, halafu mawe yake ya mpaka nikayaona chini ya maji yakitikisika kama mayai kwenye sufuria. Kwangu, kule juu kwa wasiotakiwa, palikuwa pakavu.

Nitasema kilichokuwa moyoni. Niliogopa. Nilikuwa nimeomba kuongezewa, na sasa kote nilikotazama mwamba ulikuwa unapungua. Sehemu yangu ndogo ilitosha ndoo zangu tu, na ndoo hizo zilikuwa ugali wa Limi na Makoye, na vuli ilikuwa njiani na mjomba ndani yake. Asubuhi moja jua lilipotoka baada ya mvua ya siku nyingi, wavuvi walileta dagaa wengi kupita kiasi. Nilikuwa nimeinama natandaza nilipohisi kivuli. Niliinua uso. Mama Nyangeta alikuwa amesimama nje ya mstari wangu, ndoo kichwani, maji ya dagaa yanamtiririka shingoni. Nyuma yake walikuwa wengine, mmoja nyuma ya mwingine mpaka chini kwenye maji, kila mtu na ndoo yake. Wanawake wenye midomo ile, na hakuna aliyesema neno. Hiyo ndiyo desturi. Husemi.

Kwa mara ya kwanza mdomo wa Mama Nyangeta ulikuwa umefungwa, na nikaona ameshazeeka. Nikaona pia kwamba hatanilaumu nisipoinama. Angeteremka na ndoo yake, dagaa wangeoza wakauzwa kwa wafuga kuku, na kesho angenitania kama kawaida. Nilisimama pale nikihesabu watoto wangu wawili. Kisha nikainama nikainua jiwe moja, kwa ajili yake peke yake. Nilijiambia, mmoja tu, huyu ndiye aliyenifundisha kuomba. Nikampa Makoye, aliyekuwa kando yangu, alishike, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa magamba.

Mama Nyangeta aliingia, nikamsaidia kushusha ndoo, tukamwaga. Nilipogeuka, nikasikia majini, chubwi. Makoye alikuwa amelirusha lile jiwe ziwani. Kabla sijafumbua mdomo alikuwa ameokota la pili. Chubwi. Alikuwa anayatupa kwa mkono wa kulia, moja moja, bila haraka, ule wa kushoto ukiwa mahali pake pa kila siku, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtoto aliyeruhusiwa mchezo. Alidhani nimemfungulia kazi, kwamba mawe yote yanaondolewa. Jiwe la mwisho lilikuwa kubwa, ikabidi alisukume kwa mguu, likabingirika mwamba wote likapita kati ya wanawake wakiruka na ndoo zao, likazama.

Mpaka wa mama, aliouweka kwa mikono yake, ulikuwa chini ya ziwa.

"Haya sasa," alisema Mama Nyangeta polepole. "Msukuma, mwamba wako unaishia wapi?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, nadhani ni mimi. Kicheko kilishuka mstari mzima hadi majini, na wanawake wakapanda.

Kilichofuata ni vigumu kukieleza kwa mtu anayetaka hesabu. Sehemu iliyotosha mmoja ilitosha wote. Tulijibana. Nafasi ilipokwisha chini, tulitazama juu. Tulikata miti vichakani, tukatandika nyavu chakavu, tukafanya chanja juu ya mwamba, kisha chanja juu ya chanja. Upepo ulipita chini na juu, dagaa wakakauka upesi kuliko kwenye jiwe. Tulifyeka vichaka, na chini ya vichaka, ambako mama na wote waliomtangulia hawakuwahi kutazama, tukakuta mwamba unaendelea. Ulikuwa umefunikwa na udongo kidogo tu na majani. Tulifagia, ukaendelea. Nakumbuka nimepiga magoti na ufagio wangu, nafagia jiwe jeupe lisilowahi kuona jua, nywele zinanisimama. Mwamba ulikuwepo siku zote. Mawe yetu ndiyo yaliyotuambia umeishia pale.

Hatukuweza tena kujua dagaa ni wa nani, kwa hiyo tuliacha kuuliza. Tuliwagawana wakiwa makavu. Lori la mfanyabiashara wa Mirongo, kule mjini, ambalo halikuwahi kusimama kwa ajili ya ndoo zangu, lilianza kusimama. Na kwa kuwa chumba chetu kilikuwa karibu zaidi na mwamba, wanawake walipikia kwetu. Sufuria moja kubwa, sato siku nyingine, mlenda, michembe na karanga. Jabali la ndani lilijaa vitu vya watu, kanga, visu, kiatu cha mtoto wa mtu. Limi alisomea katikati ya kelele ile, na wanawake ambao hawakujua kusoma walimtaka asome kwa sauti, kwa hiyo walijifunza na wao mambo ya mmeng'enyo wa chakula na milima ya Afrika.

Mjomba Bundala alikuja kama alivyosema, na wingu la kwanza la vuli. Aliteremka stendi ya Buzuruga, akapata usafiri mpaka kwetu, akashuka njia ya ufukoni na koti lake la heshima na fimbo. Nilimwona kutoka juu ya mwamba, na wakati huohuo nikaona kule nyuma ya kisiwa kilicho mbele yetu mvua imesimama kama ukuta inakuja juu ya maji. Mwamba wote ulikuwa na dagaa. "Mvua!" mtu alipiga kelele. "Anueni!"

Hakukuwa na muda wa kuamkia. Mjomba alifika katikati ya vurugu, wanawake wanakimbia na magunia, watoto wanabeba karai. Aliniona. "Za kwako ni zipi?" aliita. "Nianzie wapi?"

"Popote!"

"Minza, nakuuliza dagaa zako ni zipi!"

"Zote, mjomba! Wewe anua tu!"

Alisimama kama aliyetukanwa. Kisha Makoye akapita mbele yake na karai kubwa kuliko kifua chake, amelikumbatia kwa mkono mmoja tu, linaelekea kuanguka. Mjomba alitupa fimbo, akalishika upande wa pili. Nikawaona wakikimbia pamoja kwenda chumbani, mzee wa Magu na koti lake, na Matatizo, na karai la dagaa kati yao. Alirudi. Alirudi tena. Mvua ilipotufikia, kilichobaki mwambani ni yeye, amelowa, anaokota waliodondoka.

Tulikula sote ndani, tumebanana mpaka kwenye jabali. Mama Nyangeta alimpakulia mjomba ugali kama mlima. "Kula, shemeji. Ninyi watu wa ng'ombe mnajua kuanua, sikujua."

Mjomba alikula. Alitazama kitabu cha Limi kwenye kishimo cha chumvi. Alitazama wanawake mmoja mmoja. Mwishowe akakohoa, na chumba kizima kikamgeukia, kwa sababu kila mtu alijua amekuja kufanya nini.

"Makoye," alisema. "Ng'ombe wangu bado hawana mtu."

Makoye alimeza tonge. "Nilishamwambia Mungu, mjomba. Nikienda, tunakwenda wote. Amekubali."

"Wote nani?"

Makoye alinyoosha mkono wake wa kushoto kidogo, kama anayemtambulisha mtu aliyekaa pembeni yake.

Sijui mjomba aliona nini. Nilijua kwamba mimi, nikiwa na wanawake wote wale na dagaa wote wale, nilikuwa naogopa, na kwamba mtu pekee chumbani ambaye hakuogopa alikuwa yule ambaye angechukuliwa. Mjomba alitazama ule mkono muda mrefu. Mvua ilipiga bati. Aliosha vidole, akajifuta kwenye koti lililolowa.

"Mlango huu haufungi vizuri," aliniambia. "Tafuta fundi. Na mimi nitaleta mahindi." Asubuhi aliondoka peke yake, na kila vuli mpaka alipofariki alileta mahindi.

Maji yalirudi chini miaka iliyofuata, yakapanda tena, yakarudi. Hakuna aliyeweka tena mstari wa mawe. Nimeishi na sala ile mpaka leo na bado inanitisha. Ni fupi mno kwa kitu inachokifanya. Niliomba Mungu aniongezee mipaka, naye akaiondoa. Niliomba nisihuzunishwe, na nimehuzunika mara nyingi, Jumamosi hii mojawapo, lakini sikuwahi kuhuzunika peke yangu, na sasa nadhani ndicho nilichoomba. Na pale ambapo maandiko yanasema tu kwamba Mungu alimpa, bila kueleza, ninavua viatu moyoni. Nimeona ile sehemu isiyoelezwa. Nimeifagia kwa ufagio.

Baada ya mazishi watu walianza kutawanyika. Makoye alikuwa amekuja na familia yake. Ana mvi kwenye ndevu, ana wafanyakazi, na mabinti zake hulitamka jina lake kwa majivuno shuleni. Nilikuwa nimebaki kwenye jiwe, nimechoka kusimama. Nilimwona anashuka peke yake njia ya ufukoni, kwenda kuutazama mwamba wetu kabla jua halijazama, mtu mzima ndani ya suti nyeusi. Mkono wa kulia alikuwa ameuweka mfukoni. Wa kushoto ulikuwa mbali kidogo na mwili, vidole vimekunjuka nusu, na alikuwa anatembea taratibu, kama anavyotembea mtu anayelinganisha hatua zake na za mwingine.